Joto, maji na mwamba: Nguvu iliyojificha chini ya ardhi ya Songwe

Na Mwandishi Wetu

DEREVA wa lori la mafuta anayesubiri zamu yake ya kuvuka mpaka wa Tunduma kuelekea Nakonde, nchini Zambia, anajua jambo moja ambalo abiria wengi hawalifikirii: tangi la lori lake halijazwi hadi ukingoni. Juu ya mafuta huachwa nafasi, na nafasi hiyo si hasara ya mfanyabiashara bali ni kinga. Petroli lita 40,000 ikipata joto la nyuzijoto 15 zaidi ya lile iliyokuwa nalo wakati wa kupakiwa, huongezeka ujazo kwa takriban lita 570. Zisipopata pa kwenda, zitasukuma kuta za tangi.

Jambo hilohilo hutokea chini ya ardhi, isipokuwa huko hakuna aliyeacha nafasi. Miamba mingi iliyo chini ya miguu yetu ina vitundu vidogo vilivyojaa maji, na katika Mkoa wa Songwe na jirani yake Mbeya maji hayo hupashwa moto na ardhi yenyewe. Chemchemi za maji moto za bonde la mto Songwe, visima vya chumvi vya Ivuna na ziwa la kreta la Ngozi ni dalili zake zinazoonekana kwa macho.

Swali ambalo makala haya yanalijibu ni hili: mwamba uliojaa maji ukipata joto, shinikizo la maji yaliyomo, au presha kama wengi tuitavyo, hubadilikaje? Jibu lake lina uzito kwa mkoa huu, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini sehemu moja hutoa chemchemi tulivu na nyingine hupasuka. Ndilo pia linalowapa tahadhari wale wanaochimba visima kutafuta jotoardhi na gesi ya heliamu.

Mwamba si jiwe kavu

Tumezoea kuuona mwamba kama kitu kigumu kisicho na uwazi ndani yake. Ukweli ni kwamba mawe mengi, hususan yale yaliyotokana na mchanga, udongo na chokaa, yana vinyweleo baina ya punje zake. Mawe mekundu ya mchanga yanayoonekana katika eneo la Galula, wilayani Songwe, ambako wataalamu wamepata mabaki ya dinosaria, ni mfano wa miamba ya namna hiyo. Chini ya usawa wa maji ya ardhini, vinyweleo hivyo hujaa maji. Mwamba wa hali hiyo wataalamu huuita mwamba uliojaa maji, yaani usiobakiwa na nafasi ya hewa.

Katika mwamba kama huo uzito wa tabaka zilizo juu hubebwa na wawili. Sehemu moja hubebwa na punje za jiwe zinazogusana, na sehemu nyingine hubebwa na maji yaliyo katikati yake. Kanuni hii iliwekwa wazi katika miaka ya 1920 na mhandisi Karl Terzaghi, anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya mekanika ya udongo. Baadaye, mwaka 1941, Maurice Biot aliipa msingi mpana zaidi wa kihisabati.

Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba shinikizo la maji likipanda, punje za jiwe hubanwa kidogo zaidi kuliko mwanzo. Mwamba uliokuwa umeshikana imara hulegea, ingawa hakuna aliyeupunguzia mzigo wala kuugusa. Kwa hiyo anayetaka kujua uimara wa mwamba hana budi kujua si aina ya jiwe peke yake, bali pia presha ya maji yaliyomo.

Maji hupanuka kuliko jiwe

Chanzo cha suala lote ni tofauti ya tabia kati ya maji na jiwe. Vyote viwili hupanuka vikipata joto, lakini si kwa kiwango kimoja. Maji lita 1,000 yakipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 80 hufikia takriban lita 1,027. Uwazi wa lita 1,000 uliomo ndani ya jiwe la mchanga, kwa ongezeko hilohilo la joto, hupanuka kwa lita 2 hivi tu. Zinabaki lita 25 ambazo hazina mahali.

Lita hizo zikikuta njia, hutoka na presha haibadiliki sana. Zikiwa zimefungiwa, maji hubanwa. Na maji, tofauti na hewa, hayabanwi kwa urahisi. Kama maji yangefungiwa ndani ya chombo kisichonyumbuka hata kidogo, kila nyuzijoto moja ingeongeza takriban megapaskali 0.46 yakiwa na nyuzijoto 20. Yakiwa na nyuzijoto 80, ongezeko lingefikia takriban megapaskali 1.4 kwa kila nyuzijoto, kwa sababu maji ya moto hupanuka kwa kasi zaidi kuliko ya baridi.

Ili msomaji apate picha, megapaskali moja ni sawa na mara kumi hivi ya shinikizo la hewa kwenye usawa wa bahari, au uzito wa maji yenye kina cha mita 100. Ni zaidi kidogo ya upepo unaojazwa katika gurudumu la lori kubwa. Hivyo joto la nyuzijoto chache tu linaweza, ndani ya chombo kigumu, kuzaa shinikizo la kupasua chuma.

Mwamba, hata hivyo, si chombo kigumu kabisa. Vinyweleo vyake hutanuka kidogo vinaposukumwa kutoka ndani, na kutanuka huko hupunguza presha. Ndiyo maana vipimo vya maabara hutoa majibu yanayopishana sana: kuanzia megapaskali 0.01 kwa kila nyuzijoto katika baadhi ya udongo wa mfinyanzi, hadi megapaskali 1.5 katika baadhi ya mawe magumu. Mfinyanzi laini hujinyoosha na kuyapisha maji, lakini jiwe gumu hukaza na presha ikapanda.

Mfano wa jambo hili upo jikoni. Jiwe lililookotwa mtoni, likiwa limelowa hadi ndani, likifanywa figa na kuwashiwa moto mkali mara moja, huweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Maji yaliyomo ndani hupanuka na kugeuka mvuke upesi kuliko yanavyoweza kupenya na kutoka. Jiwe lilelile likianikwa juani siku nyingi kwanza, hudumu mekoni miaka.

Mashindano kati ya joto na maji

Mfano wa figa unatufikisha kwenye kiini cha suala hili. Joto kupanda ndani ya mwamba si sababu ya kutosha ya presha kupanda. Kinachoamua ni mashindano kati ya mambo mawili: kasi ya joto kuingia na kasi ya maji kutoroka. Joto likishinda, presha hujengeka. Maji yakishinda, presha husawazika na mwamba hubaki salama.

Joto husafiri polepole sana ndani ya jiwe. Kupenya mita moja huchukua siku kumi na kidogo. Kwa mita 10 ni miaka mitatu hivi, na kwa mita 100 ni karne kadhaa, kwa kuwa muda huongezeka kwa mraba wa umbali. Maji nayo hayana kasi moja. Katika jiwe zuri la mchanga, lenye vinyweleo vilivyoungana, ongezeko la presha katika eneo la mita 100 linaweza kusawazika ndani ya siku chache. Katika mfinyanzi uliobanwa, kazi hiyohiyo huweza kuchukua karne nyingi.

Kutokana na hesabu hizo tunaweza kusema mambo mawili. La kwanza, joto la kawaida la Bonde la Ufa, linalopanda taratibu kwa maelfu ya miaka, kwa kawaida halileti presha ya kutisha katika miamba inayopitisha maji. La pili, hatari huja pale ambapo joto linaingia upesi au mwamba umezibwa. Mahali hapo ni kama vile uji wa volkano unapopenya karibu, ufa wa ardhi unaposuguana ghafla, au binadamu anaposhusha ama kupandisha maji ya moto ndani ya kisima.

Ushahidi wa mfinyanzi umetafutwa hata mbali na volkano. Katika maabara ya chini ya ardhi iliyopo Mol, nchini Ubelgiji, kwenye kina cha takriban mita 225, wataalamu walianza mwaka 2014 kuupasha moto mfinyanzi hadi nyuzijoto 80. Shabaha yao ilikuwa kujua kama tabaka hilo litaweza kuhifadhi taka za nyuklia, ambazo hutoa joto kwa muda mrefu, bila presha ya maji kuliharibu. Nchi isiyo na chemchemi ya moto hata moja mahali hapo imelazimika kujiuliza swali lilelile linalowahusu watu wa Songwe.

Hesabu ya kina cha kilomita moja

Tuchukue mfano wa mwamba ulio kilomita moja chini ya ardhi. Uzito wa mawe yaliyo juu yake ni takriban megapaskali 25. Maji yaliyo katika vinyweleo, yakiwa yameungana hadi juu, yana presha ya takriban megapaskali 10. Tofauti ya 15 ndiyo inayozishikilia punje pamoja.

Sasa tuseme mwamba huo umezibwa pande zote na presha yake hupanda kwa megapaskali 0.25 kwa kila nyuzijoto. Ongezeko la nyuzijoto 60 litatosha kuifuta tofauti yote, na maji yatakuwa yameubeba uzito wote wa mwamba. Kabla ya kufika hapo mwamba utakuwa umeanza kupasuka, hasa katika Bonde la Ufa, kwa sababu huko ardhi inavutwa kwenda kando na mbano wa upande kwa upande ni mdogo kuliko uzito unaoshuka kutoka juu. Nyufa za namna hiyo husimama wima, na zikishafunguka huwa njia ya maji kupanda.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni suala la kuchemka. Katika mwinuko wa Tunduma maji huchemka yakifikia takriban nyuzijoto 95, wala hayangoji 100. Chini ya ardhi mambo hugeuka: uzito wa maji yaliyo juu huzuia mvuke kuzaliwa, kama kifuniko cha sufuria ya presha kinavyoyafanya maharage yaive katika joto linalozidi lile la kuchemka kwa kawaida. Kwenye kina cha mita 100 chini ya usawa wa maji, maji hayachemki hadi yafikie nyuzijoto 180 na ushei. Kwenye kina cha mita 1,000 hubaki kimiminika hadi nyuzijoto 310 hivi.

Hatari ya hali hiyo ni pale kifuniko kinapoondoka ghafla. Presha ikishuka upesi, maji hayo huchemka yote kwa pamoja. Kwa kuwa mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji katika shinikizo la kawaida la hewa, mwamba hulipuka. Katika visiwa vya Komoro, mlima Karthala ulilipuka kwa namna hii mwaka 1991. Nguvu yake ilikuwa maji yaliyopashwa moto, si mtiririko wa lava.

Songwe: maji yaliyopata njia

Kabla ya kwenda mbele, inafaa kuondoa mkanganyiko wa majina. Ipo mito miwili iitwayo Songwe. Mmoja huelekea kusini mashariki hadi Ziwa Nyasa na ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Mwingine huelekea kaskazini magharibi na kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Chemchemi za maji moto tunazozungumzia zipo katika bonde la huu wa pili, katika eneo la mpaka wa mikoa ya Mbeya na Songwe. Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa.

Baadhi ya chemchemi hizo hutoa maji yanayokaribia nyuzijoto 80. Pembezoni mwake yapo mawe meupe ya chokaa yaliyojengwa na maji yenyewe, yanayoitwa travertini, yaliyoenea kwa kilomita kadhaa. Ndiyo yanayochongwa kuwa mawe ya mapambo na kutumika katika uzalishaji wa saruji. Wakazi wengi wanayajua kama mali ya ujenzi. Ni wachache wanaoyatazama kama kumbukumbu ya presha.

Kumbukumbu hiyo inasomeka hivi. Maji yakiwa chini, katika presha kubwa, hubeba gesi ya kaboni dayoksaidi na chokaa iliyoyeyuka. Yanapopanda presha hushuka, gesi hutoroka kama inavyotoka katika soda iliyofunguliwa, na chokaa haiwezi tena kubaki ndani ya maji. Hujitenga na kuganda kuwa jiwe. Kila tabaka la travertini linatuambia kwamba mahali hapo maji ya moto yalipata njia ya kutoka, na presha yake ikatua.

Lakini chokaa hiyohiyo inaweza kuziba njia iliyoileta, kama inavyoziba mdomo wa birika la chai. Ufa ukizibika, maji hurundikana na presha hupanda hadi ufa mwingine ufunguke au tetemeko liupasue ule wa zamani. Ndiyo maana chemchemi za moto huhama, hupungua na kufufuka. Kutulia kwa chemchemi si lazima kuwe dalili kwamba joto limekwisha.

Kuhusu asili ya joto la Songwe, wapo watafiti waliowahi kupendekeza kwamba maji hutiririka chini kwa chini kutoka upande wa volkano ya Ngozi, katika milima ya Uporoto. Wengine wameegemea kwamba Songwe ina mzunguko wake yenyewe: maji ya mvua hushuka kwa kina kupitia nyufa za Bonde la Ufa, hupata joto huko na kurudi juu. Katika maelezo yote mawili, nyufa zinazopitisha maji ndizo zinazoiweka presha katika mipaka yake.

Ivuna na tabaka la mfinyanzi

Kaskazini zaidi, wilayani Momba, ipo Ivuna, mahali ambapo chemchemi za maji ya chumvi zimewapa watu riziki kwa karne nyingi. Utafiti wa wanaakiolojia uliochapishwa mwaka 1968 ulionyesha kwamba chumvi ilichemshwa hapo muda mrefu kabla ya utawala wa kikoloni. Mwaka 1987 Ivuna iliingia katika historia nyingine, pale kampuni ya Amoco ilipochimba kisima cha utafutaji mafuta hapo na kingine Galula. Mafuta hayakupatikana kwa kiasi cha biashara, lakini visima hivyo viliwapa wanajiolojia nafasi ya kuona tabaka za bonde hilo: mawe ya mchanga chini, na juu yake mashapo ya ziwa, yakiwemo ya mfinyanzi.

Mpangilio huo ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mawe ya mchanga hupitisha maji na gesi, ilhali mfinyanzi huzuia. Penye nyufa zinazopenya mfinyanzi, maji ya moto na gesi hutoka juu kama chemchemi. Pasipo nyufa, hubaki chini ya kifuniko.

Gesi yenyewe ni hazina. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya utafutaji, walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa. Walieleza kwamba joto la volkano ndilo lililoifukuza gesi hiyo kutoka katika miamba ya kale, ambako ilikuwa imejikusanya kwa muda mrefu sana. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, katika bonde hilohilo, kilitoa heliamu hadi juu ya ardhi. Heliamu hiyo isingefaa kitu kama pasingekuwa na tabaka la kuizuia, na tabaka linalozuia gesi huzuia pia maji yanayotanuka.

Tetemeko na msuguano

Tarehe 13 Desemba 1910, nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani, eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa na vipimo katika Afrika Mashariki. Desemba 2009, matetemeko mfululizo yaliitikisa Karonga, nchini Malawi, kusini tu ya mpaka wa mto Songwe. Lililo kubwa kati yake lilifikia takriban 6.0. Mikoa ya Mbeya, Songwe na Rukwa imekaa juu ya ardhi inayotembea.

Elimu ya joto na presha inasaidia kueleza kwa nini ufa ukianza kuteleza huweza kuteleza sana. Kuta mbili za ufa zinaposuguana kwa kasi, msuguano huzalisha joto katika mkanda mwembamba, pengine wa sentimita chache tu. Ndani ya sekunde chache joto hilo linaweza kupanda kwa nyuzijoto nyingi. Maji yaliyo katika mkanda huo hayana muda wa kutoroka, hivyo presha yake hupanda na kuzisukuma kuta zitengane. Msuguano hupungua, na ufa huteleza kana kwamba umepakwa mafuta.

Wazo hili lilielezwa na mwanajiolojia Richard Sibson mwaka 1973, na tangu hapo limekuwa sehemu ya elimu ya matetemeko duniani. Halituwezeshi kutabiri siku wala saa ya tetemeko. Linachotufundisha ni kwamba maji yaliyomo ndani ya ufa ni mshiriki katika tetemeko, si shahidi tu.

Kisima kinapofika penye moto

Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, iliyo chini ya shirika la umeme TANESCO, ilianzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya kuifanya nishati hii itumike. Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka ni miongoni mwa maeneo inayoyashughulikia katika nyanda hizi, na mwaka 2021 visima vyembamba vya utafiti vilichimbwa Kiejo-Mbaka, mkoani Mbeya. Shabaha ni njema: jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1981 kwa megawati 15 tu pale Olkaria, na leo mitambo yao ya jotoardhi ina uwezo unaozidi megawati 900.

Wachimbaji wa visima vya namna hii wana kanuni zao kuhusu presha. Tope zito huzungushwa kisimani wakati wa kuchimba, ili uzito wake uyashikilie maji ya moto yasipande. Mdomoni mwa kisima hufungwa vali nzito za kukiziba mara moja endapo presha itawashinda. Kushuka kwa tope kwa dakika chache tu, katika kisima chenye maji ya nyuzijoto 200, huweza kuyafanya maji hayo yachemke na kusukuma kila kitu nje.

Ipo hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni ileile ya tangi la lori. Kisima hujengwa kwa mabomba ya chuma yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, na saruji hujazwa katikati yake. Saruji ikimiminwa vibaya na kuacha mfuko wa maji kati ya mabomba mawili, maji hayo huwa yamefungiwa kwelikweli. Kisima kinapoanza kutoa maji ya moto, mfuko huo hupata joto, presha yake hupanda kwa makumi ya megapaskali, na bomba la ndani hubonyea kama kopo lililokanyagwa. Kisima kilichogharimu fedha nyingi huharibika kwa sababu ya ndoo chache za maji.

Kupoza nako kuna athari zake, ila kwa mwelekeo wa kinyume. Maji yaliyokwisha kutumika katika mitambo hurudishwa ardhini yakiwa yamepoa. Mwamba unaoyapokea husinyaa, nyufa zake hutanuka, na mara nyingi kisima hupokea maji kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo. Hiyo ni faida, lakini ikifanyika karibu na ufa wenye mkazo inaweza kuamsha mitetemo midogo. Isipofanyika kabisa, presha ya hifadhi nzima hushuka mwaka hadi mwaka, na chemchemi zilizowapa wenyeji maji kwa vizazi huweza kukauka.

Ya kuulizwa mapema

Mara nyingi taarifa kuhusu jotoardhi hutaja kiwango cha joto pekee, kana kwamba nyuzijoto nyingi ndizo utajiri wenyewe. Maelezo haya yanaonyesha kwamba joto ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni presha ya maji, na hiyo haikisiwi kwa kuangalia chemchemi. Hupimwa ndani ya kisima, kabla ya uzalishaji na wakati wote wa uzalishaji.

Kwa hiyo yapo maswali ambayo madiwani, wanahabari na wananchi wa Mbozi, Momba na Tunduma wana haki ya kuwauliza wanaokuja kuchimba. Je, presha ya tabaka imepimwa, au limepimwa joto tu? Tabaka lililofunika ni la mfinyanzi unaozuia, au jiwe lenye nyufa zinazopitisha? Nani anapima mtiririko na joto la chemchemi zilizopo kabla kazi haijaanza, ili mabadiliko yakitokea yajulikane yametoka wapi? Maji yaliyopoa yatarudishwa wapi, na umbali gani kutoka katika nyufa zinazojulikana? Vipo vipima mitetemo karibu na eneo la kazi?

Hakuna kati ya maswali hayo linalohitaji shahada ya jiolojia. Yanahitaji kuelewa jambo moja tu, ambalo dereva wa lori la mafuta pale Tunduma analo tayari: kimiminika kikipata joto hudai nafasi, na kisipopewa huitafuta chenyewe.